KUHAMISHA DENI SI KULIPA DENI



Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitujia siku moja baada ya Misa ya asubuhi, akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa akikatwa mshahara kila mwezi kwa mkopo wa benki, na sasa benki nyingine ilikuwa imemwahidi kuununua mkopo ule: deni lihamie kwao, makato yapungue, na juu ya hayo apewe fedha kidogo za kumalizia paa la nyumba yake. Akatuuliza, “Baba, nitie saini?” Tulitazama makato ya zamani, tukatazama makato mapya, tukaona kwamba mapya ni madogo. Tukamwambia atie saini na amshukuru Mungu.

Tulikosea. Hatukuuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia mengine yote, yaani: hadi siku ya mwisho, jumla utakayolipa ni kiasi gani? Miaka mitatu iliongezwa juu ya deni lile bila sisi kuitilia maanani. Mtoto wake alipochaguliwa kuendelea na masomo, mshahara wake ulikuwa umekatwa hadi kubaki ile theluthi moja ambayo sheria inataka mtumishi asinyang’anywe. Hakuna benki iliyoweza kumkopesha tena kihalali. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akaacha huko kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya kosa lile. Waamini wengi huja kutuuliza sisi mapadre, makatekista na wenyeviti wa jumuiya kabla ya kutia saini. Ushauri wetu, hata ukitolewa kwa moyo mwema, ukikosa hesabu waweza kumtwika mtu mzigo ambao sisi hatutaugusa hata kwa kidole.

Biashara yenyewe ilivyo

Mtumishi anayelipwa mshahara kila mwezi ni mteja anayependwa na wakopeshaji, kwa maana rejesho lake hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Kwa sababu hiyo wakopeshaji humgombania. Mkopeshaji wa pili humlipa mkopeshaji wa kwanza salio lote la deni, kisha mtumishi hubaki kuwa mdeni wa huyo wa pili. Hilo ndilo watu wanaloliita kununua mkopo. Jambo hili kwa asili yake si ovu. Ikiwa mtu anauziwa fedha kwa bei ghali mahali pamoja, naye akapata mahali pengine penye bei nafuu, kuhama ni busara.

Lakini uhamisho huo haufanyiki bure. Mara nyingi mkopeshaji wa kwanza hutoza faini kwa sababu deni linamalizwa kabla ya wakati wake. Mkopeshaji wa pili hutoza ada ya kuandaa mkopo mpya. Juu yake huwekwa bima ya mkopo, hata kama bima ya kwanza ilikwisha kulipwa. Kwa kawaida gharama hizi hazitoki mfukoni mwa mkopaji siku ile. Huingizwa ndani ya deni jipya, nazo huanza kuzaa riba pamoja na deni lenyewe. Ndiyo maana hazisikiki. Mkopaji haoni noti ikitoka mkononi mwake, kwa hiyo hudhani kwamba hakulipa kitu.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tarakimu ni za kufundishia tu, lakini kila msomaji aweza kuweka za kwake.

Mtumishi amebakiwa na deni la shilingi 6,000,000, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, na miezi 36 ya kulipa. Rejesho lake la kila mwezi ni kama shilingi 216,900. Akikaa alipo hadi mwisho, atalipa jumla ya kama shilingi 7,809,000.

Sasa anakuja mkopeshaji wa pili na riba ya asilimia 15. Kila mtu ajua kwamba 15 ni ndogo kuliko 18. Lakini tuongeze gharama za kuhama: faini ya kumaliza deni mapema asilimia 3, ada ya kuandaa mkopo asilimia 2, na bima asilimia 1.5. Jumla ni shilingi 390,000, na deni jipya linakuwa shilingi 6,390,000. Akilipa kwa miezi ile ile 36, rejesho litakuwa kama shilingi 221,500, na jumla yote kama shilingi 7,974,000. Riba imepungua kwa asilimia tatu, hata hivyo amepoteza zaidi ya shilingi 160,000. Ada zimeimeza nafuu yote, zikatafuna na zaidi.

Lakini hakuna wakala atakayemwonyesha hesabu hiyo. Atamwonyesha nyingine. Atamwambia: “Lipa kwa miezi 72, na rejesho lako litashuka hadi shilingi 135,000.” Ni kweli, litashuka kwa kama shilingi 82,000 kila mwezi, na mtumishi atarudi nyumbani akifurahi. Ambalo hakuambiwa ni kwamba jumla yake sasa itakuwa kama shilingi 9,728,000, yaani zaidi ya shilingi 1,900,000 juu ya ile ambayo angelipa kama angebaki alipokuwa. Tena katika rejesho lake la kwanza la shilingi 135,000, karibu shilingi 80,000 ni riba tupu. Na ikiwa baada ya miaka miwili atakuja mkopeshaji wa tatu na kumpa tena miezi 72, ataanza safari upya, mfano wa mtu apandaye mlima na kurudishwa bondeni kila akikaribia kilele.

Mtu aweza kutujibu hivi: “Baba, ninyi mnapiga hesabu za miaka sita, lakini watoto wangu wanakula leo. Heri nilipe zaidi kesho kuliko walale njaa usiku huu.” Hoja hii ni nzito, nasi hatuna haki ya kuidharau. Wako wazazi ambao kwao shilingi 82,000 kwa mwezi ndizo ada, sare na unga. Kwa mtu huyo tunasema: kwanza nenda kwa mkopeshaji wako wa sasa, umwombe akuongezee muda. Katika mfano wetu, kama deni lile la shilingi 6,000,000 lingeachwa pale pale kwa riba ile ile ya asilimia 18, likapewa miezi 72, rejesho lingekuwa kama shilingi 136,800. Tofauti yake na rejesho la mkopeshaji wa pili haifiki shilingi 2,000 kwa mwezi. Hapa ndipo siri inapofichuka: karibu nafuu yote aliyoahidiwa ilitoka katika kuongezewa muda, wala haikutoka katika riba ndogo. Alikuwa akilipia shilingi 390,000 kwa kitu ambacho huenda angekipata kwa barua moja ya maombi. Tena asingeanza na deni lililovimba. Siku akipata mavuno mema au malimbikizo ya mshahara, angeweza kulipunguza.

Inapofaa kuhama

Tusieleweke vibaya. Yako madeni ambayo kuyahama ni sawa na kutoka katika nyumba inayoungua. Hapa twazungumzia ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Tuseme mama mmoja muuza mbogamboga anadaiwa shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwezi hutoa shilingi 60,000 za riba, na deni halipungui hata senti moja. Mwisho wa mwaka atakuwa ametoa shilingi 720,000, na bado atadaiwa zile zile 600,000. Mama huyu akijiunga na chama cha akiba na mikopo, akapewa shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, atalipa kama shilingi 55,000 kwa mwezi, na baada ya miezi 12 atakuwa amemaliza. Hata akitozwa shilingi 30,000 za kiingilio na fomu, jumla yote haitafika shilingi 700,000. Kwa fedha pungufu ya ile aliyokuwa akiitupa katika riba peke yake, anakuwa mtu huru. Uhamisho wa namna hii twauunga mkono bila kusita, nasi twaona ni tendo la haki kumsaidia mtu aufanye.

Jambo hili si la kwetu pekee. Ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza wanalijua kwa sura ya kadi za mkopo. Huko benki humwalika mtu ahamishie kwake deni la kadi ya benki nyingine, na kwa muda fulani, pengine mwaka mmoja na zaidi, asitozwe riba yoyote. Ada ya kuhamisha huwa mara nyingi kati ya asilimia 3 na 5 ya deni. Mtu anayedaiwa dola 5,000 kwa riba ya asilimia 22 kwa mwaka hutozwa riba ya karibu dola 92 mwezi wa kwanza. Basi ada ya asilimia 3, ambayo ni dola 150, inarudi katika miezi miwili tu. Akigawanya dola zake 5,150 kwa miezi 15 ya msamaha wa riba, akalipa kama dola 343 kila mwezi bila kukosa, amefanya vema. Lakini akilipa kile kidogo tu anachodaiwa kila mwezi, muda wa msamaha utakwisha na riba kubwa itarudi juu ya salio lote lililobaki. Akiona kadi ya zamani imebaki tupu akaanza kuijaza upya, mwisho wake atakuwa na madeni mawili mahali pa moja. Kipimo ni kimoja, huko na huku: uhamisho humfaa yule tu anayeutumia kulimaliza deni.

Ada ya haki ni ipi?

Wengine watauliza kama ni kazi ya Kanisa kuingia katika mambo ya ada na riba. Kanisa limeingia humo tangu zamani. Katika sura ya tano ya kitabu cha Nehemia twasoma juu ya watu walioweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine waliokopa ili walipe kodi ya mfalme. Walikopa kwa sababu ya mzigo mmoja, wakajitwika mwingine. Nehemia hakuwahubiria maskini uvumilivu. Aliwaita wakubwa mbele ya kusanyiko, akawataka warudishe mashamba, na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakiitoza.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1462, katika mji wa Perugia huko Italia, Wafransisko walihimiza kuanzishwa kwa nyumba ya kuwakopesha maskini kwa rehani, ili wasiangukie mikononi mwa walanguzi wa fedha. Nyumba za namna hiyo zilitoza kiasi kidogo cha kuwalipa watumishi wake na kugharimia jengo. Wanateolojia wakabishana: je, kiasi hicho si riba iliyovikwa jina jingine? Mtaguso wa Tano wa Laterano, mwaka 1515, ukaamua kwamba si dhambi kutoza kinachotosha gharama za kazi, mradi nyumba yenyewe isitafute faida katika shida ya maskini. Tena ukasema ingekuwa bora zaidi kama mkopo ungetolewa bure kabisa. Mwaka 1745 Papa Benedikto wa Kumi na Nne aliwaandikia maaskofu wa Italia kuukemea ulanguzi wa fedha, na mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, alionyesha kwamba ulanguzi huo ulikuwa bado unaendelea kwa sura nyingine.

Kutoka katika historia hiyo twapata kipimo kinachotufaa hata leo. Ada ya haki ni ile inayolipia kazi halisi iliyofanyika: kuandika hati, kukagua, kutunza kumbukumbu. Ada inayokuwa kubwa kwa sababu tu deni ni kubwa, na hali kazi ni ile ile, yafaa itiliwe shaka. Na ada inayofichwa ndani ya deni ili mkopaji asiione ni udanganyifu, hata kama imeandikwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa tano.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Twawaomba viongozi wa jumuiya wayajue maswali haya kwa moyo, wala wasimshauri mtu yeyote kabla ya kuyajibu.

Kwanza, nikibaki nilipo, jumla iliyobaki ni kiasi gani? Omba barua ya salio kutoka kwa mkopeshaji wa sasa, kisha zidisha rejesho kwa miezi iliyobaki.

Pili, nikihama, jumla yote itakuwa kiasi gani, pamoja na faini, ada na bima? Zidisha rejesho jipya kwa miezi mipya. Linganisha jumla kwa jumla, wala usilinganishe rejesho kwa rejesho.

Tatu, kwa idadi ile ile ya miezi niliyobakiza, bado nitapata nafuu? Swali hili ndilo linalomvua wakala kilemba chake.

Nne, fedha za nyongeza ninazoahidiwa ni za nini? Kama hukuwa umezihitaji kabla wakala hajaja, huzihitaji sasa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Tano, deni la kwanza litafungwa lini, na nitapewa barua ya kuthibitisha kwamba limekwisha? Mtu asipoifuatilia barua hiyo aweza kujikuta akikatwa na wakopeshaji wawili kwa wakati mmoja.

Wajibu wetu sote

Twawageukia kwanza wale wanaokopesha, kwa maana miongoni mwao wamo waamini wenzetu wanaopokea Komunyo pamoja nasi. Mnajua jumla hiyo. Kompyuta zenu zinaijua kabla mteja hajaketi. Mwandikieni kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, ukurasa wa kwanza: utapokea kiasi hiki, utalipa kiasi hiki. Anayeona aibu kuiandika jumla hiyo ajiulize kwa nini anaona aibu.

Twawageukia pili viongozi wetu wa parokia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vyama vya akiba na mikopo, hata vikundi vya kijamii kama Vikoba, ndani ya uangalizi wa serikali. Maana yake ni kwamba maskini wana njia halali ya kukopeshana wao kwa wao. Yafaa kila parokia iwe na watu wawili au watatu, walimu wa hesabu, wahasibu, au watumishi wastaafu wa benki, watakaoketi Jumapili moja kila mwezi baada ya Misa, na kumsaidia bure yeyote mwenye karatasi ya mkopo mkononi. Kazi hii yahitaji kikokotoo, kalamu, na mdomo unaojua kutunza siri. Kabla ya kufikiri juu ya harambee nyingine, tufikiri juu ya hili.

Nasi mapadre hatuna budi kukiri. Tumezoea kuwahimiza waamini wetu watoe, wala hatukuwauliza sana wanadaiwa nini. Tumekubali fedha za mavuno zilizotoka katika mikopo, tukazipigia makofi. Yafaa tuseme wazi altareni kwamba Mungu hamtaki mtu akope ili atoe sadaka.

Yule mwalimu tuliyemshauri vibaya bado analipa. Tulimfuata, tukamwomba radhi, tukaketi naye na hati zake zote mezani. Kwa msaada wa chama cha akiba na mikopo cha walimu wenzake, lile deni la mtaani limekwisha, na kadi yake imerudi mikononi mwake. Lile kubwa la benki limebaki, na litabaki kwa miaka kadhaa. Tulipokuwa tukiondoka alitusindikiza hadi barabarani, akatuambia bila uchungu: “Baba, siku ile kama mngeniuliza tu jumla ni ngapi, hata mimi ningeijua. Mimi nafundisha hesabu.”

Neno hilo hatutalisahau. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya dawa huja kipimo. Basi tupime kwanza, tupime pamoja, na tusimwache ndugu yeyote atie saini peke yake.